Kipimo cha Puto

Katogota

Mdogo wangu Gédéon,

Nakusalimu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mke wangu bado anakohoa. Natumaini wewe, Jolie na watoto mko salama huko Songo. Salamu ziishie hapo, maana nina hasira nawe.

Ulikuja na tableti ya mradi wenu, ile kama simu pana, ukatuambia ni mchezo. Mtu anabonyeza, puto linavimba, na kila pumzi inamwongezea kipande cha sabuni. Likipasuka, anakosa vyote. Kumbe kwenu anayebonyeza sana ni mwenye kuthubutu, anayeacha mapema ni mwoga. Nimefundisha hesabu miaka mingi, sipingi kupima. Napinga kumpima mtu ambaye hukumweleza anachopimwa.

Élisabeth, mjane wa marehemu Luc, alibonyeza kidogo akaacha. Karibu wanawake wote walifanya vivyo hivyo. Ukaandika kwamba ni waoga wasioweza kuamua, na mradi ukawanyima mashine ya kuvuta maji. Mashine akapewa bwana Ushindi, aliyepasua kila puto huku akicheka, yule yule aliyeuza shamba la mama yake kwa ajili ya kamari. Sasa anavuta maji ya mfereji apendavyo, na mpunga wa Élisabeth unakauka.

Nilimwuliza huyo mama aliogopa nini. Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Minye niliachia wengine pumzi. Ile puto iko ya sisi wote, ao hapana?"

Alidhani puto ni moja, linapita kwa kila aliye kwenye foleni, kama maji ya mfereji wetu: ukishalowesha shamba lako unafunga, ili aliye chini yako naye apate. Mgeni ningemsamehe kwa kutolijua hilo. Wewe umekulia kwenye mfereji huo, ukifunga na kufungua kwa mikono yako.

Nilipokupigia simu ulisema matokeo yameshatumwa, tena nisiingize mambo ya mashamba katika sayansi. Basi usikie kwangu kabla hujasikia kwa mwingine: aliyemwandikia mkuu wako kukushtaki ni mimi. Nimeweka jina langu, si la kijiji. Watakuja kupima upya, na nimeomba usiwe kati yao.

Wakikufukuza, usije kwangu kulalamika. Pitia kwanza kwa Élisabeth, umwombe msamaha mbele ya watu. Ndipo nitakufungulia mlango.

Msalimie Jolie, na watoto pia. Wao hawana kosa.

Kaka yako mkubwa,
Félicien