Viza ya Alhamisi

Ijumaa, 6 Juni
Hapa nyumbani hatujambo. Baba watoto hajambo, mguu unamsumbua, lakini akilalamika vile ujue mzima. Kitinda mimba wangu hajambo, anakula tu. Wifi hajambo, na mdomo wake hajambo zaidi. Pengo ni binti yangu — yuko ng'ambo kwa mumewe, na mimba imefika miezi tisa. Ile ya kwanza ilitoka akiwa hospitali peke yake. Hii nimemwapia: nitakuwepo. Ni kuvuka daraja tu! Sasa eti hata kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni viza. Tangu lini?

Jumatatu, 9 Juni
Ofisi ya viza. Foleni mpaka barabarani. Karani anataka tiketi ya kurudi. Nikamwambia: mwanangu, mimi navuka kwa miguu. Akasema bila tiketi atajuaje kama nitarudi. Nikamjibu miguu ninayokwenda nayo ndiyo ninayorudi nayo, au huko wanaizuia? Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nimekata tiketi ya basi nisilolipanda. Upuuzi mtupu!

Jumatano, 11 Juni
Nimerudi tena. Picha imekataliwa, eti nyuma si kweupe. Nimepiga nyingine. Halafu nichague siku — viza ni ya siku moja, ileile iliyoandikwa. Nikamwambia mtoto hajaleta taarifa anazaliwa lini! Akasema kadiria, mama, nyuma yako kuna watu. Nesi wa huko alisema Alhamisi, tarehe kumi na tisa. Nikasema Alhamisi. Jasho lilinitoka kama niliyeulizwa siku ya kufa.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeipata! Wifi kaishika, kaigeuzageuza, kauliza: kumbe mjukuu ameshapewa miadi? Nimecheka. Moyo haucheki.

Jumanne, 17 Juni
Uchungu umemshika asubuhi hii. Mkwe kapiga simu: mama, njoo. Nikakwapua mkoba, nikakimbia na ndala za baba watoto.

Askari wa geti la darajani kaiangalia viza. Mama, hii ni ya Alhamisi. Nikamwambia uchungu haujui Alhamisi. Akasema njoo keshokutwa. Keshokutwa! Nimemwita mwanangu, nimemwita baba, nimemwita mheshimiwa. Anasema mashine ndiyo inayokataa, si yeye. Nimekaa kwenye benchi lao. Siondoki.

Mkwe kapiga tena. Binti ananitaka. Kamwekea simu sikioni. Nikamwambia vuta pumzi, mama yangu, usisukume mpaka nesi aseme, nipo, nipo hapa. Kumbe napiga kelele. Foleni nzima imenigeukia. Askari kaacha kugonga mihuri. Nikamsikia nesi anasema kichwa hicho — simu ikakatika.

Napiga, haipatikani. Dereva wa lori kaniazima yake, haipatikani vilevile. Askari kaniletea maji. Maji ya nini?

Naandika ili mikono itulie. Nimemtumia mkwe ujumbe: Mtoto amelia? Binti yangu je? Nijibu upesi, baba, nipo hapa getini, nijibu upesi.