Siku Niliyotembea

Mjukuu wangu Hodan,

Asalaam aleikum. Huku Garissa tu wazima, alhamdulillahi. Nyanya yako anakuombea kila swala, na yule ngamia mwekundu amezaa. Umesema unaitafuta rekodi ya nusu marathoni huko Iten, ukaniuliza kwa nini mimi niliacha mbio.

Wakati wa vita vya shifta, mwanamume akionekana anakimbia alidhaniwa shifta, yaani mwasi, na kupigwa risasi. Siku moja dada yangu Amina alizidiwa na homa, nikatumwa mjini kumwita dresa wa zahanati. Hakuna aliyeniweza kwa mbio, lakini kwa hofu nilitembea njia nzima, mikono ikionekana. Kwenye kizuizi askari mmoja akacheka, akaniita kwa Kisomali: "Warya, si wewe ulitushinda mbio za shule? Leo miguu umemwachia nani? Kimbia, bwana!"

Nikakimbia. Dresa alinipakia kwenye baiskeli yake, lakini tulimkuta Amina ameshafunikwa shuka.

Mama alisema siku yake ilikuwa imefika, nami naamini hivyo. Lakini kila nilipoongoza mbio baada ya hapo, moyo uliniuliza: mbio hizi zilikuwa wapi Amina alipokuwa akiningoja? Basi nikaacha.

Allah akulinde njiani, mama.

Awowe yako, Yusuf