Aliyeshuka Kaburini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulinifunza nisimlaumu mtu kabla ya kumsalimia, na leo nimekuja na lawama.

Unakumbuka tulipomzika Bibi? Mvua ilikuwa imenyesha, makaburini tope tupu. Uliporudi nyumbani Buguruni ulisimulia habari za mtu mmoja tu: Shaweji, mgeni wa msikitini kwenu, aliyevua viatu vyake vya ofisini akashuka kaburini pamoja nawe kumpokea mama yako. "Yule ni mtu," ulisema, machozi yakikulengalenga.

Kwa hiyo magoti yalipokushinda, ukaiachia fremu yako ya kuuzia kanga pale Mchafukoge na mpangaji mpya akakulipa kilemba chako, pesa ya kumwachia nafasi, hukutafuta mshauri wa fedha. Ulikuwa naye. Shaweji alikuwa na ofisi ghorofani Gerezani, zulia jekundu mpaka mlangoni, akakuahidi kuzikuza pesa zako ili wewe na Mama mzeeke bila kuomba.

Nilikusihi tuulize kwanza. Leseni kapewa na nani? Analipwa na wewe, au na hao anaowapelekea pesa? Na kwa nini ziingie akaunti yake badala ya yako? Ukakiweka kikombe chini.

"Mtu aliyeshuka kaburini na mimi, nimdai leseni? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Baba, kuzika ni kuzika. Pesa ni pesa."

"Umesoma, mwanangu. Utu hujausoma."

Yaliniuma, na bado yananiuma. Miezi ya mwanzo alikuletea faida kwenye bahasha, nawe ukanicheka. Nadhani alikuwa akikurudishia zako mwenyewe, kidogo kidogo. Kisha simu ikawa haipatikani. Tulipopanda Gerezani tulimkuta fundi cherehani, hata zulia halipo. Kwenye ngazi ukanishika bega. "Mama yako asijue," ukasema. Yeye ukamwambia biashara ya Shaweji imeyumba. Nilikuonea huruma, Baba, na nilikukasirikia hapo hapo.

Yaliyofuata huyajui, ulikuwa ndani ya sanda. Shaweji alikuja kukuzika. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Kaka Idrisa ndiye aliyenisimulia. Shaweji alivua viatu, akashuka, akakupokea upande wa kichwa. Idrisa, aliyejua yote, alikuwa na hasira, lakini nani ataanzisha ugomvi juu ya maiti ya baba yake? Walipomaliza kufukia, Shaweji akapeana mikono na wazee, akaenda zake.

Mama katoka eda juzi. Anataka kuuza nyumba, apange chumba, pesa itakayobaki imtunze. Hana kingine. Nikamwambia safari hii tutafute mshauri mwenye leseni, tumhoji mpaka achoke.

"Mtafuteni Shaweji," akasema.

Basi nikamfungulia yote: bahasha, ngazi, yule fundi cherehani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga vizuri.

"Angekuwa mwizi, angethubutu kumshika baba yenu kule chini? Na baba yako hakuwahi kunificha kitu."

Nikisisitiza kwamba ulimficha, namnyang'anya mume mara ya pili. Nisiposisitiza, nyumba inakwenda. Laiti ungeamka kidogo tu, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ulikosea. Mimi haniamini. Anakuamini wewe.

Lala, Baba, kama usingizi unakuja.

Binti yako