Keki ya Kendi Iko Motoni

Mama Kendi,

Nilianza kwa kuandika "natumai u mzima", nikakata. Mkono ni mjinga, unafuata barua tulizofundishwa shuleni. Basi nianze na mimi mwenyewe: mimi si mzima. Nina wasiwasi mpaka mate yamenikauka, na ungekuwa hapa ungenicheka kwanza ndipo unisaidie.

Kesho Kendi wako anaolewa. Ndiyo, na yule yule mwalimu wa Kiambere aliyekunywa chai yetu bila sukari kwa sababu aliona aibu kuiomba. Watu wake watafika asubuhi, watu wa joto, watakuja Kiirua hapa wakitetemeka kwa baridi yetu. Na keki ya harusi iko motoni sasa hivi, jikoni nyuma ya hoteli yetu, ndani ya sufuria yako kubwa. Mimi nimevuka ua, niko kwako, ndani ya zizi la ng'ombe wako Karembo, nimekalia kigoda chako cha kukamulia. Nitakueleza kwa nini. Ninakuandikia ili mikono iwe na kazi, isiende kufunua.

Wakwe walikuwa wamejitolea kununua keki Meru mjini, ya ghorofa, yenye maua. Kendi akakataa. Alisimama mlangoni pa jikoni akaniambia, "Tata, mimi nataka ile ya mama na wewe. Hata kama haina ile sukari ya juu." Ananiita tata, yaani mama mdogo, kama ulivyomzoesha, kana kwamba mimi na wewe tulizaliwa nyumba moja. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Ningesema nini, na ana macho yako? Alipoondoka nikakaa juu ya gunia la viazi.

Kwa sababu unajua, na hakuna mwingine anayejua: mimi nina nusu tu.

Unakumbuka kile kipindi cha mapishi cha redioni, baada ya habari za mchana? Yule mama alisoma kama mtu anayefukuzwa. Mwanzoni tulijaribu kuandika sote wawili, tukapata ovyo: mimi mayai, wewe mayai, sukari hakuna aliyeisikia. Ndipo ukagawa kazi. "Mama Mutwiri, wewe shika vitu, mimi nishike moto." Nikawa naandika vipimo kwenye karatasi za pakiti za unga, na wewe unaweka sikio kwenye redio, macho umefumba, unashika namna ya kupika. Hukuandika hata neno. Akisema oveni iwe digrii kadhaa, unasema, "Digrii ziko chuoni, sisi tuna makaa." Na kweli ulizigeuza kuwa makaa: machache chini, mengi juu ya kifuniko, mchanga ndani ya sufuria kubwa, na ile ndogo katikati.

Karatasi zangu bado ziko ukutani, nimezipigilia misumari, zimelowa mafuta. Skonzi, biskuti za tangawizi, ile pilau ya Krismasi, na keki ya ndimu. Unga, siagi, sukari, mayai, maziwa, ganda la ndimu la kukuna. Vitu vitupu. Mtu akizisoma atadhani tulikuwa tukitumana dukani. Hakuna panaposema koroga, hakuna panaposema ngoja. Sikuwahi kuona haja. Wewe ulikuwa nyuma, mimi nilikuwa mbele nikiuza chai, na keki ililetwa mezani ikiwa imeiva.

Tangu tulipokuzika nimekuwa nikisikiliza kipindi peke yangu. Mkono umezoea nusu yake. Yule mama akifika "sasa chukua bakuli", kalamu inasimama yenyewe, nami nageuka kukuangalia. Halafu muziki unaanza na mapishi yameshapita.

Keki ya Kendi nimeijaribu, wacha nikuambie. Ya kwanza iliungua juu na katikati ilikuwa uji. Iliyofuata iliumuka vizuri, nikafunua nihakikishe, ikakaa chini mbele ya macho yangu kama mzee aliyechoka. Niliwapa wateja na chai. Yule dereva wa lori la viazi aliitafuna, akaitafuna, kisha akauliza, "Mama Mutwiri, hii ni ugali ya sukari?" Hoteli nzima ikacheka. Nami nikacheka, nikaenda nyuma, nikalia. Nililia kwamba kweli umekwenda, na umekwenda na ile nusu. Nililia nikimwona mtoto wako amesimama mbele ya wakwe zake, kisu mkononi, akikata kitu kibichi, na wao wakinong'onezana kwamba huyu hana mama. Hofu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Ninaiogopa kuliko ninavyoogopa kuchekwa.

Mara zote mbili nilikuwa nimekaa kando ya jiko kama askari wa benki. Nasikiliza, nanusa, nanusa tena mpaka pua ikafa ganzi. Sikujua wewe ulikuwa ukijuaje kwamba imeiva. Saa ya mkononi hukuwahi kuwa nayo.

Basi jana Kendi alikuja tukachambua mchele. Hajui habari ya zile zilizoharibika, mabaki nilikuwa nimeyaficha. Tukaanza kukuongelea, akacheka mpaka akashika mbavu. "Tata, unajua siku ya keki sisi tulikuwa tunakunywa chai ya rangi? Mama anaweka makaa, anaenda kukamua Karembo. Katikati anaacha ndoo, anakimbia, anasema imemwita. Ndama ananyonya maziwa yote!"

Nikamuuliza, nikijifanya sina haja sana, "Imemwita namna gani?"

"Na harufu, tata. Alikuwa anasema ukikaa karibu nayo huwezi kuisikia. Lazima uende mbali, ikutafute."

Mchele ulinimwagika. Miaka yote hiyo nikisuuza vikombe mbele, nilidhani unaenda kukamua kwa sababu saa ya kukamua imefika!

Ndiyo maana niko hapa. Makaa nimeyaweka kama wewe, mlango wa jikoni nimeuacha wazi. Karembo hayupo. Shemeji yako alimchukua baada ya mazishi, anakula vizuri huko aliko, usihofu. Hori limeota majani. Sina cha kukamua, nikachukua kalamu.

Lakini upepo, Mama Kendi! Unavuma kuelekea jikoni. Harufu itapitaje? Siku ya upepo ulikuwa unafanya nini? Hilo Kendi hakusema, na kumuuliza niliogopa angeshtuka. Nasikia samadi kavu, nasikia moshi wa jirani. Nimesimama, nimekaa. Nimefika mpaka kwenye ua, nikarudi. Moyo unaniambia inaungua. Moyo huu huu ndio ulioifunua ile nyingine, kwa hiyo siusikilizi, ingawa unapiga kelele.

Acha nikuahidi jambo nikiwa bado na woga, maana nikipoa nitajisingizia kazi nyingi. Kabla Kendi hajateremka kwake Kiambere, nitambandulia karatasi zote ukutani. Tutakaa jikoni mimi na yeye, mlo mmoja baada ya mwingine, na chini ya vitu vyangu tutaandika moto wako, kadiri tutakavyoupata. Pale tutakapokosea tutaunguza, tutakula, tutarudia. Sitamkabidhi nusu. Na redio ikisema mapishi mapya nitayashika yote, kuanzia unga mpaka kuepua, hata kama itabidi nimsubiri yule mama ayarudie mwaka mwingine. Nitakuwa polepole, utanivumilia.

Na kesho akisimama kukata, nitakuwa nyuma yake, mahali ambapo ungekuwa. Nitamshika tu mgongo.

Samahani kwa mwandiko, ninaandikia gotini. Nimekukumbuka sana, rafiki yangu. Hoteli imekuwa kubwa bila wewe, na chai yangu yenyewe siijui ladha yake siku hizi. Pumzika huko uliko, na kama

Ngoja.

Upepo umetulia. Kuna kitu kimepita hapa kwenye hori. Siyo moshi. Ni siagi, na ile ndimu. Imekuja kwa upande wa ua, polepole, kama wewe ulivyokuwa ukija kuniomba chumvi.

Kwaheri, Mama Kendi. Imeniita.