Chupa Zinazoitwa Mabula

Mabula,

Nakuandikia Jumapili, baada ya misa, nimekaa nyuma ya nyumba ambako hakuna anayepita. Watu wakiniona wataniuliza namwandikia nani, na nikiwajibu watasema Deo wa Ushirombo ameanza kuchanganyikiwa. Labda ni kweli. Lakini kuna maneno siwezi kumwambia mtu aliye hai, kwa sababu kila aliye hai hapa kitongojini yuko upande wako.

Habari za nyumbani kwanza. Mkeo hajambo. Mwanao Ng'washi amemaliza la saba na anakuwa mrefu kama mtama wa kando ya zizi. Miembe imebeba vizuri. Na chupa zako za kutegea nzi wa maembe zimetundikwa kila boma.

Nimeandika "chupa zako." Unaona? Hata mimi.

Juzi mke wangu, ambaye siku ya chupa ya kwanza alikuwepo na aliona kwa macho yake, aliniambia, "Baba Kulwa, yale mabula mawili ya mwembe wa uani yamekauka dawa." Mabula mawili! Siku hizi hakuna anayesema mtego. Dukani wanauza pamba ya mabula. Mama mmoja aliyehamia kutoka Rwamgasa aliniuliza kama mabula ni Kisukuma cha chupa. Nilimjibu kwamba ni jina la mtu. Akasema, "Basi mtu huyo alikuwa na akili sana." Nilimwitikia, nikaenda zangu.

Chupa ya kwanza nilitengeneza mimi. Wewe unajua, na shajara yangu inajua. Nilitoka kwenye mafunzo ya afisa ugani nikapima matundu kwa rula, nikayakata sawasawa, nikachovya pamba kwenye dawa ya kuwavutia nzi madume, nikaitundika kwenye mwembe dodo wangu. Jioni ukaja. Ulikuwa umerudi kutoka machimboni mwezi huohuo, vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, lilikuwa bado halijakutoka kwenye nywele. Ukasimama chini ya ile chupa, ukainamisha kichwa, ukasema, "Deo, umewajengea nzi nyumba ya kupanga? Kodi wanalipa kila mwezi au miezi mitatu mitatu?"

Kesho yake ukatoboa ya kwako kwa spoku ya baiskeli iliyochomwa motoni. Matundu yalikuwa yamepinda kama meno ya mzee. Nzi hawakujali, wakaingia. Ukapita boma kwa boma, ukitundika chupa na kusimulia ile hadithi ya nyumba ya kupanga, na watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mimi niliwaeleza mambo hayohayo mkutanoni, kwa utaratibu, mwanzo hadi mwisho, nao walikuwa wanapiga miayo. Msimu ulipoisha, mtego ulikuwa na jina lako.

Nitakwambia na jingine, maana huwezi kunikunjia uso. Siku ya mazishi yako lori lilileta wachimbaji, wanaume wazima, wakalia kama watoto. Nilikuwa nimeshika jeneza upande wa nyuma. Badala ya kusali nilikuwa natazama umati na kujiuliza, hivi mimi nikifa watakuja nusu yao?

Sasa sikiliza yaliyotokea mwaka huu, msimu wetu wa kwanza bila wewe.

Mnunuzi wa Kahama alikuja dodo za kwanza zilipoiva. Akapasua moja ya Bi Tausi, funza. Akapasua yangu, funza. Akafuta kisu kwenye suruali akasema, "Nitarudi mara moja tu, zile za mwisho zikiiva. Nikikuta funza tena, namba yangu mfute." Maembe yakarudi majumbani, tukawalisha nguruwe mpaka nao wakayachoka.

Na chupa zilikuwa zimejaa nzi waliokufa! Watu wakaanza kusema dawa imechakachuliwa. Mimi nilijua siyo dawa. Dawa ile inanasa madume, na jike likishapandwa linatoboa embe na kutaga kama kawaida. Kinachomaliza uzao ni kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia na funza wake ndani. Nikaanza kufuatilia maembe yaliyoanguka yanakwenda wapi.

Yalikuwa yanakwenda kwenye lile duara la zamani nyuma ya shamba la Bi Tausi, shimo walilochimba watu wa tetesi za dhahabu wakaambulia vyura. Kila boma lilikuwa linamwaga humo ndoo kwa ndoo. Ni shimo refu kweli, ukichungulia unapata kizunguzungu. Lakini lilikuwa wazi. Nilisimama ukingoni asubuhi moja jua likichomoza, nikawaona nzi wapya wanapanda ukuta wa udongo kwa miguu, mabawa bado yamejikunja. Wakifika juu walikuwa wanatulia kidogo kwenye jua, halafu wanaruka kuelekea miembeni. Tulikuwa tunawafuga.

Nikamwendea Bi Tausi. Unaujua ulimi wake, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani na maneno yote akayabeba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza lazima tufukie. Akanitazama.

"Mwanangu Deo, Mabula alituambia tutupe shimoni. Hakusema tufukie. Wewe hilo la kufukia umeliokota wapi, kwenye daftari?"

Nilikwenda boma la pili, na la tatu. Wote walijibu hivyohivyo, "Mabula alisema tutupe." Na kweli ulisema hivyo. Nilikuwepo, nilikusikia.

Rafiki yangu, nilifurahi. Siwezi kukuficha. Usiku ule nililala usingizi mzuri kuliko nilivyolala tangu ufe, kwa sababu nilikuwa nimepata kosa lako. Nikamwomba mwenyekiti aitishe mkutano Jumamosi. Nikaandika maneno ya kusema: "Marehemu alitupotosha." Nikayasoma kwa sauti mbele ya mbuzi.

Jumamosi asubuhi nilipita kwanza kwako. Huwezi kumsema mtu hadharani bila kuitaarifu nyumba yake. Nikamwambia mkeo, "Shemeji, leo nitasema jambo kuhusu baba Ng'washi, la lile shimo. Usinielewe vibaya." Alikuwa anachambua choroko. Hakuinua macho.

"Kwani wewe hujui alikuwa anakwenda wapi na chepe?"



Akanieleza. Kila jioni ya msimu, watu wakishamwaga, ulikuwa unakwenda kutupia udongo juu ya maembe na kuushindilia kwa gogo refu. Ulikuwa unasimama, unakohoa kwa kile kifua ulichotoka nacho machimboni, unaendelea. Msimu wa mwisho alikunyang'anya chepe akasema wafukie wenyewe. Ukamwambia, "Ukiwaambia wafukie, hata kutupa hawatatupa. Waache watupe. Kufukia nimezoea."

Mabula, mimi nilikutana nawe njiani na chepe hilo mara nyingi. Nilidhani bado unatafuta dhahabu kwa siri. Nilikuwa nafika nyumbani namwambia mke wangu, yule hajapona machimbo, na tunacheka.

Unadhani wivu uliisha pale? Uliongezeka. Kosa lenyewe moja nililokukuta nalo limegeuka sifa.

Nikaenda mkutanoni na karatasi yangu mfukoni. Mkeo hakuja. Ningesema ulitupotosha wangeniamini, shimo liko wazi na nzi wanaonekana. Wangefukia vilevile, maembe yangepona vilevile, na kuanzia siku ile wangekuwa wananisikiliza mimi. Nikawa naikunja na kuikunjua ile karatasi mpaka mwenyekiti akasema, "Baba Kulwa, sema basi, jua linapanda."

Nikasema, "Mabula alituambia nusu. Nusu nyingine alikuwa anaifanya mwenyewe kila jioni, na kile kifua kibovu mlichokuwa mnakisikia kikikohoa."

Bi Tausi alivuta khanga akajifunika uso. Halafu kijana mmoja wa nyuma akasema, "Sasa tumekaa hapa tunangoja nini?"

Walikwenda wote. Watu ambao sijawahi kuwaona wameshika chepe kwa ajili yangu walishika. Udongo uliingia mpaka mchana, ukashindiliwa, Bi Tausi akaleta chai na mihogo ya kuchemsha. Mikono yangu ilitoka malengelenge. Tulipomaliza, mtu mmoja akapigapiga udongo kwa mguu, akasema kwa furaha, "Haya! Shimo limepigwa mabula."

Kwa hiyo sasa una mambo mawili yenye jina lako, chupa na kufukia. Nilimtazama yule mtu nikatamani kumsukuma.

Mnunuzi hajarudi. Dodo za mwisho zinaanza kubadilika rangi, na jana nilipasua tatu nikazikuta safi. Tatu siyo nyingi, sisemi kitu. Tumechimba shimo jingine fupi, rundo la udongo likiwa pembeni, na kila anayetupa anafukia hapohapo. Wengi wanafukia. Wengine wanadanganya, unawajua.

Nakuahidi nitapita pale kila jioni msimu wote, na msimu ujao, na miguu ikiniruhusu hata ule wa baadaye. Nikikuta hakujafukiwa nitafukia. Ila sitanyamaza kama wewe. Nitakohoa hata kama siumwi, nitaimba nyimbo za kwaya kwa sauti yangu hii mbaya, mpaka Bi Tausi afungue mlango aone ni nani.

Wivu sikuahidi kuuacha. Ukiisha ndipo nitakapojua kwamba umekufa, na bado siko tayari kujua hilo.

Pumzika, ndugu yangu. Na huko uliko, nakuomba sana, usimfundishe mtu yeyote kutega nzi mpaka nami nifike.

Wako,
Deo