Kona Uliyopigiwa Kura

Dada yangu Zuwena,

Jana tulikuwa kwa Mama, huku kwetu Bawshar, na televisheni inatoa matokeo ya uchaguzi wa Marekani. Mtoto wa ami akautafuta mji wenu kwenye simu yake, akacheka. "Mji wa Zuwena umempigia yule yule asiyetaka wageni!" Mama hakucheka. Alinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda kukuuguza kule.

"Ndio hao niliowaachia mwanangu?" akauliza.

Mama hajawahi kuniuliza kitu kwa sauti ile. Nikazima televisheni, nikamsimulia yale ambayo sikuwahi kumsimulia tangu nirudi.

Unakumbuka siku niliyofika? Barabara nzima ya kwenu ilikuwa na vibao vya mgombea yule, na kikubwa kuliko vyote kilisimama mbele ya nyumba ya Bwana Wolta, jirani yenu wa ukuta kwa ukuta. Nikakwambia, "Dada, mnakaaje hapa?" Wewe ulikuwa umelala kwenye kochi, umekonda, lakini kucheka ulicheka.

"Wa mlimani, karibu na chuo, wanapiga upande mmoja," ukanieleza. "Sisi huku bondeni, kiwanda cha karatasi kilipofungwa, watu walikasirika wakahama chama. Na Wolta alikifanyia kazi kiwanda kile ujana wake wote."

"Basi kura yenu mmeshaikosa," nikasema.

Maana kulikuwa na kura nyingine, ndogo, isiyotangazwa kwenye televisheni yoyote. Sheria ya makaburi ya mji ilitaka kila maiti azikwe ndani ya sanduku la zege. Shemeji Nasir alikuwa ameomba kona moja tu ya makaburi, Waislamu wachache wa pale wazikwe kwa sanda, bila sanduku, na waelekezwe kibla. Kubadili sheria kulihitaji mkutano wa wakaazi, wanyooshe mikono. Wewe ulijua kaburi la kwanza kwenye kona ile lingekuwa la nani. Hukulisema, ila chakula ulikuwa hukigusi tena.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa mpira wa skuli. Mimi mgeni nikakaa pembeni. Shemeji alieleza kwa upole. Mtu mmoja akasimama: "Leo kona, kesho watataka mji mzima." Bondeni wakapiga makofi. Mwalimu mmoja wa mlimani akatutetea kwa maneno mazuri na marefu, na kadiri alivyosema ndivyo wa bondeni walivyozidi kununa.

Ndipo Wolta akainuka, kofia mkononi. Nikasema moyoni, haya, sasa tumekwisha.

"Mnanijua," alisema. "Mnajua ninampigia nani, na nitampigia tena. Lakini mke wangu alipovunjika nyonga, mama yule, mke wa Nasir, alituletea chakula mpaka mke wangu akasimama kwa miguu yake. Sasa anaumwa yeye. Mnataka nikamzike wapi? Kwenye mji wa watu asiowajua? Mimi nataka alale hapa, karibu na wazazi wangu."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Alipouliza mwenyekiti, mikono ikainuka, ya mlimani kwanza, kisha ya bondeni, mmoja mmoja, kama watu wanaoona haya. Hata kuhesabu hakukuwa na haja.

Nilirudi nyumbani mbio. Ukaniuliza, "Enhe?" Nikaitikia kwa kichwa.

"Na wa bondeni?"

"Wengi wao, Dada."

Ukafumba macho. "Alhamdulillahi," ukasema. "Haya, nipikie uji. Nna njaa."

Ulipotutoka, Wolta alikuja makaburini na suti iliyombana. Akamuuliza Shemeji kama anaruhusiwa kutia mchanga. Akatia, akajifuta mikono kwenye suti yake, akabaki amesimama mpaka sote tukaondoka.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Miaka yote hii alikuwa akidhani umelala kwa maadui, na mimi kwa kuogopa kumliza nikanyamaza. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Na huyo Wolta, bado anampigia yule yule?"

"Bado, Mama. Shemeji anasema kibao kipo pale pale."

"Basi Mungu amuongoze," akasema. "Na ampe umri mrefu."

Kisha akaomba chai, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wako akakutaja kwa jina lako la utotoni, akacheka. Mzigo umenishuka, Dada. Nimeona nikwambie.

Lala salama hapo ulipo, kwa majirani zako.

Mimi mdogo wako,
wa huku Ghubra