Waliponiombea Nirudi Kwetu Ngara

Tecla, kaa chini kwanza.

Leo jumuiya yetu ya kanisa imesali kwangu. Tangu nimzike mume wangu Wiston na mnyauko ukamaliza migomba, hakuna aliyekanyaga hapa. Nikasema Mungu kanikumbuka! Nikawapikia hadi maharage ya mbegu.

Tukafika kwenye maombi. Mwenyekiti wetu Rozalia kafumba macho, sauti laini kama asali: "Ee Bwana, umfunulie Anneth dhambi iliyoua mume na kukausha shamba. Kisha umrudishe kwao Ngara kwa amani."

Kwa amani, Tecla!

Na wote, pua zimeelekea jikoni: "Twakuomba utusikie."

NA MIMI NIKAITIKIA. Mazoea, shoga! Nimejiombea kufukuzwa kwangu mwenyewe, tena kwa sauti ya kwaya.

Sasa sikia. Mama mkwe, yule yule asiyeona, ambaye tangu msiba ananiita "huyo", akasema naye ana ombi.

"Bwana, mwanangu kaniacha gizani. Huyu Anneth ndiye ananiogesha na kunilisha. Rozalia hajaniletea hata kikombe cha maji. Huruma yako nimeijua kwa mikono ya huyu. Usimwondoe."

Hakuna hata mmoja aliyeitikia. Hata mimi wa mazoea!

Akangoja. Halafu akaitikia mwenyewe, peke yake: "Twakuomba utusikie."

Tecla, tangu msiba nilikuwa nasali kwa mdomo tu. Leo nimesadiki kuna anayesikia.

Kesho nang'oa visiki. Niletee machipukizi ya migomba, siendi popote.